Nakupiga Mgomba kwa Barua

Göteborg, Jumapili. Saa nne usiku, na jua ndiyo kwanza linazama.

Kaka Makame,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Naamini wewe, shemegi na wanangu wote hamjambo, na mguu wa shangazi umepata nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillah.

Sauti yako ya Ijumaa nimeipata. Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ndani ya basi, nimefika mwisho wa njia na abiria wameshateremka; mara ya pili jikoni; mara ya tatu nimemwekea mama Zuwena aisikie, asije akasema nazua. "Mwaka u mlangoni, mdogo wangu, na wageni hawashibi maneno." Umesema vizuri. Ukitaka pesa, kaka, hakuna msemaji wa kukupita hapo Makunduchi, na kusini yote ya Unguja.

Pesa za sikukuu yetu ya Mwaka Kogwa nimeshatuma. Nalitanguliza hilo usije ukaikimbiza barua hii ukitafuta tarakimu. Ni laki nane, na zimeingia kwenye simu ya Mwanaisha, si yako. Sababu utaikuta mbele. Ni za mchele, pweza, sukari, na nazi, kwa kuwa nasikia siku hizi nazi tunanunua.

Nimeona niandike, nisijibu kwa sauti. Kwa sauti hunishinda. Wewe hukohoa kidogo, ukasema "sikiliza we Haji," na mimi nishakuwa kitoto cha miaka saba kilichobebeshwa dema la kuvulia samaki, kinakufuata nyuma pwani maji yakitoka. Kwenye karatasi huna pa kukohoa.

Basi leo sikiliza wewe.

Minazi ya baba nimeiona. Sikuambiwa na mtu, nimeiona mwenyewe kwenye picha ya mtoto wa Bi Kazija, kasimama mbele ya uzio mpya wa hoteli, meno nje. Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, ipo yote 11. Nimeihesabu kwa kuikuza picha kwa vidole. Hata ule uliopinda, tuliokuwa tukiupanda kama punda, umezungushiwa taa za rangi. Najua jibu lako, ushalipanga: ardhi ni ya serikali, Zanzibar hakuna mwenye ardhi, kilichokuwa chetu ni miti tu. Sawa. Ndiyo maana na mimi sikuulizi ardhi, nakuuliza miti. Miti ile ndiyo iliyotoa makumbi aliyoyafukia mama pwani, akayafukua yameoza, akayapiga mpaka yakawa usumba, akasokota kamba, na kwa kamba zile nikavaa sare ya skuli. Leo imeuzwa, na mimi mtoto wa baba yule yule nasikia kwa picha.

Hilo moja. La pili lina miaka tisa, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Siku ya hitima ya baba, mbele ya watu, ulisema: "Haji msimhesabu. Haji hana Mwaka tena." Ulidhani halitafika. Kaka, neno la Makunduchi linafika Ulaya hujameza mate. Sikuja kumzika baba, kweli. Mambo ya karatasi yalikuwa hayajakaa sawa, sasa yamekaa, tusirudi huko. Lakini ungesema Haji hana pesa, ningecheka. Ungesema Haji hana adabu, ningekuomba radhi. Kusema Haji hana Mwaka ni kunifuta. Maana sisi wengine tukiulizwa ni watu wa wapi tunaonyesha nini? Wa Mjini wana milango yao ya nakshi, wa Pemba wana karafuu. Sisi tuna maweni, mwani, na siku moja ambayo nchi nzima inapanda gari la 310 kuja kututazama tukipigana. Ukinivua siku hiyo nabaki na baridi tupu.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ya jambo hili ipo, tumeachiwa na wazee, ila mimi na wewe haitufai.

Unakumbuka nilivyogombana na Pandu kwa ajili ya dema? Kaskazi nzima hatusemezani, tukipishana njiani kila mmoja anatazama mwambani. Mwaka ulipofika nilimtafuta kiwanjani kama mtu anavyomtafuta mdaiwa. Yeye wa kaskazini, mimi wa kusini, kila mtu na mgomba wake mbichi begani. Alinipa la mgongo nikaona nyota. Nami nikamchapa la bega mpaka bua likakatika, maji yake yakaturukia machoni sote wawili, tukawa tunapigana tumefumba macho kama vipofu wanaogombea sadaka. Alasiri ile ile tulikula sahani moja kwa mama yake, na lile dema hakulitaja tena hadi leo. Watu wa Mjini huniuliza kwa nini migomba. Kwa sababu mgomba unauma na hauvunji. Babu alikuwa akituhadithia kwamba zamani zilikuwa fimbo na marungu. Nadhani walifika pahala wakachoka kuuguzana.

Lakini mimi na wewe ni tumbo moja, nyumba moja, upande mmoja. Siku ile tunasimama mstari mmoja, na sina ruhusa ya kukupiga. Mwaka una dawa ya jirani, ya mdai, ya aliyekunyang'anya mchumba. Ya ndugu waliosimama mstari mmoja sijaiona. Ningemwomba shangazi akuimbe, angekuwa na sauti ile ya zamani. Si unakumbuka mwaka ule alipomwimba yule bwana aliyechukua mwani wa wanawake kwa mkopo kisha akajifanya msahaulifu? Wamama wanazunguka kiwanja na nguo zao mpya, wanaitikia, na bwana anatafuta mti wa kujificha. Alilipa kabla ya magharibi. Sasa shangazi hata pumzi ya kupuliza moto hana, na wewe umenusurika. Kwa hiyo nakupiga kwa barua. Hili ndilo bua langu.

Tuyaache kidogo nikupe habari zangu, maana hukuuliza.

Siku hizi naendesha lile basi refu lenye kiungo katikati, mita 18. Likikata kona, abiria wa nyuma bado wako barabara ya kwanza. Mtu aliyeanza kwa kuning'inia nyuma ya chai maharage, yale magari ya abiria ya zamani, leo anabeba Waswidi zaidi ya mia, na wakishuka wananiambia ahsante. Wanaoshuka mlango wa mbele, yaani.

Na nikwambie kubwa: mwaka jana nimeoga Mwaka huku huku Göteborg. Usicheke. Sikuuoga peke yangu, nimewaogesha watu 40 na zaidi.

Waswidi wenyewe ndio walionitia wazimu. Hawa watu wana mambo yao. Usiku wa tarehe 30 Aprili wanarundika matawi makavu mpaka yakafika urefu wa nyumba, wanayatia moto kuufukuza msimu wa baridi. Mara ya kwanza nilikimbilia pale roho juu, nikangoja mtu atoke ndani mbio kama kwenye kibanda chetu cha Mwaka. Hakutoka mtu. Hakuna aliyekuwemo! Wanasimama mikono mifukoni, wanaimba kidogo, wanakwenda kulala. Halafu mwezi wa sita, mchana unapokuwa mrefu kuliko wote, wanasimamisha mlingoti uliovishwa majani na maua, wanauzunguka wakirukaruka kama vyura. Si watoto tu. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa tai na saa ya thamani, nimemwona kwa macho yangu kachuchumaa anaruka, shada la maua kichwani, kisha akala samaki wa siki na viazi kama kwamba hakuna lililotokea. Jumatatu ukimkuta kwenye lifti anatazama viatu. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mtu ambaye kwao wanajenga kibanda cha makuti ili wakichome hana mdomo wa kucheka.

Basi nikasema: kama hawa hawaoni haya, mimi naona haya ya nini?

Taabu ikawa watu. Wazanzibari tupo huku, lakini Mmakunduchi katika lile kundi letu ni mimi peke yangu. Waliobaki ni Wapemba, watu wa Ng'ambo ya Unguja mjini, familia moja ya Kingazija, na Mmombasa mmoja aliyedai kwao Mwaka ulikuwapo tangu enzi na sisi tumeiga. Hilo tulikuwa tulimalize siku hiyo hiyo. Pande mbili Mungu alishatuwekea: mji huu umekatwa na mto, na ng'ambo ya mto kuna kisiwa kinaitwa Hisingen, kipo kaskazini hasa. Wanaokaa Hisingen wakawa kaskazini, sisi wa huku kusini. Mgomba ndio haukupatikana. Ndizi zimejaa madukani, mgomba hawajapata kuuona. Mama Zuwena akaja na akili: zile fimbo nene za sponji ambazo watoto huzikumbatia wakijifunza kuogelea. Tukanunua 30, za pinki na kijani. Babu angetuona angejifia mara ya pili.

Lakini tulipigana, kaka. Wallahi tulipigana. Kuna Mpemba mmoja na mtu wa Ng'ambo walikuwa hawaongei tangu harusi ya binti wa mmoja wao, sababu nani alikaa meza ya mbele. Nimewaona wakichapana na visponji vile mpaka jasho, kofia zimeanguka, kila mmoja anataja jina la samaki wa harusi ile. Bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akitembeza mbwa akaja kuniuliza kwa upole kama aite polisi. Nikamwambia hapana, mama, tunapatana. Akatazama tena. Tukampa sambusa, akakaa, akawa mgeni wetu wa Mwaka, na mbwa wake akala pweza wa pesa ngapi sijui. Sambusa alikula sita.

Kibanda tulikijenga kwa vijiti vya aiskrimu, ukubwa wa sanduku la viatu, maana bustanini huku huwashi moto unapotaka. Kuna pahala maalumu pa kuchomea nyama, na hapo ndipo tulipokichoma. Zuwena aliweka ndani kidoli chake cha kiume, kisha moto ulipokolea akamchomoa kwa koleo la nyama, nywele zimeungua. Watu wakapiga vigelegele. Nilimwambia kama babu alivyotwambia sisi: hii ni ili mwaka unaokuja, nyumba ya mtu ikishika moto, mwenyewe atoke mzima na majirani wawe wameshafika. Moshi ukaelekea Hisingen. Wale wa Hisingen wakasema ni upepo tu.

Usiku Zuwena akaniuliza, "Baba, nani kashinda?" Nikakosa jibu. Miaka yangu yote Makunduchi sijapata kusikia mtu akiuliza hilo.

Na aliuliza jingine: mbona siku yenyewe haimo kwenye kalenda? Nikachukua kalamu, nikamchorea miongo kama babu alivyokuwa akiihesabu barazani: kumi, ishirini, thelathini, mpaka siku 365 zitimie, na hapo unaanza upya bila kungoja mtu. Mwaka wetu haujui Februari ya siku 29, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Tangu niondoke umeshasogea siku tatu hivi. Nilipomwambia hivyo nikanyamaza kidogo. Hata Mwaka umetembea, mimi nimekaa hapa hapa.

Usidhani nalia. Ni jua hili lisilozama, linamchosha mtu. Lakini nikwambie kweli: bahari ya huku nimeiogelea, ni baridi na haina harufu. Nilichokitaka ni ile alfajiri mama akitugusa miguu, "Haya amkeni mkaoge Mwaka," tunateremka pwani gizani, wewe mbele umeshika taa, mimi nakanyaga pale pale ulipokanyaga kwa sababu naogopa miba ya vitoto vya urumbu. Mnarudi mna chumvi mwilini, mama kashafagia jivu lote jikoni. Sijawahi kulala usingizi mzito kama wa alasiri ya siku ile.

Khamis wako nimesoma alichoandika kwenye kundi la familia, kwamba Mwaka ni bidaa na mambo ya majusi. Mwambie ami yake hakukasirika. Kijana kasoma, na ni wajibu wake kusema anachokiamini. Hayo ya mizimuni nawaachia wavyale, wazee wanaoyasimamia, simo na sijapata kuwemo. Ila muulize kwa niaba yangu: kuoga, kumlisha mgeni, na kupatana na jirani kabla mwaka haujageuka, ni lipi kati ya hayo lililomuudhi? Na muulize, kwa nini pilau ya siku ile huwa anakula sahani mbili?

Mimi kinachoniudhi ni kingine. Video ya mwaka jana nimeitazama yote. Mahema, spika, viti vya wakubwa vimevishwa vitambaa vyeupe, hotuba juu ya hotuba, na mapigano yenyewe yakafanywa upesi upesi kama vile watu wana daladala ya kuwahi. Wageni wa hoteli wameletwa kwa basi dogo, wamepiga picha, wamerudishwa kula hotelini kwao. Hoteli ile ile yenye minazi yetu, bila shaka. Sasa mgeni aliyekula hotelini ni mgeni wa nani? Babu alikuwa akisimama njiani kumvuta mtu mkono aingie kwetu, asiyemjua, kwa vile nyumba isiyokuwa na mgeni siku ya Mwaka ilikuwa ni nuksi. Mwaka ule wa njaa hatukuwa na kitu, akamvuta fundi baskeli wa Jambiani tukamlisha muhogo. Fundi yule aliwahi kuja hata kwenye maziko yake.

Ndiyo maana pesa zimekwenda kwa Mwanaisha. Najua yeye atanunua mchele. Wewe ungeniambia umenunua mchele.

Sasa nisikilize, nakaribia kumaliza. Mwezi wa nne nimepata pasipoti ya huku. Nimekaa nayo mezani wiki nzima sijui niicheke au niililie. Unajua sheria ya kwetu, mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili. Ukichukua huu, ule umekutoka. Maana yake ni kuwa nikija Makunduchi, pahala kitovu changu kilipozikwa, nakuja kwa viza. Nitasimama kwenye foleni ya wageni pale uwanja wa ndege na Wataliano wenye kaptura, nitalipa dola, nitapigwa muhuri wa siku zangu za kukaa. Ulisema kweli kabla haijawa kweli, kaka: nimekuwa mtu wa kuhesabiwa pembeni.

Lakini jana, nikiwa kwenye zamu, nimesimama taa nyekundu, likanijia jambo nikacheka peke yangu mpaka abiria wakanitazama. Nimeangalia ile video tena nilipofika nyumbani, kuhakikisha. Kuna mzungu mmoja mwembamba, kapewa mgomba, kawekwa upande wa kaskazini, anapigana na watu wa kusini na hakuna aliyemuuliza nyumba yake iko wapi. Mgeni husimama popote anapowekwa.

Likizo ya mwakani nimeshaiomba, na imekubaliwa. Tunakuja sote wanne, mwezi wa saba. Waambie nyumbani wasihangaike kutafuta mgeni wa Mwaka, wanaye, tena ana viza. Alfajiri nitaoga na wewe pale pale. Kisha nitavuka kiwanja, nitakwenda kusimama na kina Pandu.

Wewe tafuta mgomba mbichi. Mkavu hauna raha.

Ni mdogo wako,
Haji

Ukiisha kuisoma mpe Mwanaisha aisome na yeye. Na aniambie namba ya kiatu ya mwanawe, ile aliyonitumia ni ya mwaka juzi. Shangazi namletea sweta, asiseme Makunduchi hakuna baridi, alfajiri ya Mwaka ipo.